Mmoja Alitembea, Mmoja Alibebwa

Wenzangu wa kibarazani,

Tangu nirudi kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mara ama nilikuwa na pini mdomoni, ama kuna mteja amesimama na sare ya mtoto mkononi. Nikawa natoa vipande. Mama Hhando alipata kipande cha nyati, Elizabeti akapata cha sufuria, na sasa nasikia sokoni wanasema Baba Neema alikamatwa na simba, simba akamwachia. Katika habari hii hakuna simba. Nimekaa chini Jumapili mbili nikaandika yote kwa mfululizo, ili mmoja asome na wengine wasikilize, na vyerehani vipumzike kidogo. Mambo ya vibali na kusubiri langoni mwa hifadhi nimeyaruka, maana hayo hata mimi mwenyewe sitaki kuyakumbuka.

Kutoka Karatu

Mnakumbuka ile wiki ilivyokuwa. Upepo ulikuwa umeezua mabati ya nyumba tatu mtaani kwetu, na mahindi ya bondeni yamelala chini kama yamekanyagwa. Baba Neema alikuwa na siku kumi na moja huko juu Nainokanoka, anakarabati josho la ng'ombe. Kila jioni alipanda kilima kimoja ambako mtandao unashika, akanipigia. Jumapili alisema, "Mama Neema, jana mvua ya mawe imeanguka huku mpaka nchi ikawa nyeupe. Mtu angefika sasa angedhani tumemwaga unga."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia aache kazi ashuke.

"Imebaki plasta ya ukuta mmoja," akasema. "Nikimaliza naja."

Jumatatu hakupiga. Jumanne hakupiga. Jumatano nilipiga mimi kutwa nzima, na yule mwanamke wa kwenye simu akaniambia kila mara kwamba mteja hapatikani, mpaka nikafika mahali pa kumchukia kama mtu ninayemjua. Neema naye alikuwa akipiga kutoka Dodoma kila saa, ananiuliza kama baba yake amepiga. Nilimwambia simu ya baba imeisha chaji. Ulikuwa uongo niliotaka uwe kweli.

Alhamisi asubuhi ndipo alipokuja yule dereva wa watalii kuchukua suruali yake. Mlikuwepo. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, anahesabu vifungo, "Huko juu Jumatatu kulikuwa na balaa, mama. Mvua ya mawe. Kondoo wamekufa wengi mno. Nasikia na mtu amepotea."

"Mtu gani?"

"Sijui. Nasikia tu."

Nilimpa suruali bila kuipiga pasi. Nikaenda nyumbani, nikapakua makande yaliyokuwa jikoni, nikayatia kwenye sufuria kubwa yenye mfuniko, nikaifunga kwa kanga. Msiniulize kwa nini makande. Mikono ilitaka kushika kitu, na yeye hupenda makande yaliyolala.

Sulle, yule wa Rhotia ambaye babake alikuwa jirani yetu, alikuwa anapandisha lori la mahindi kwenda Nainokanoka. Nikamkuta anafunga turubai. "Shangazi, njia ni mbaya," akasema. Nikapanda. Akanitazama, akafunga mlango.

Ndani ya kebini alikuwepo mwanamke wa Kimasai, umri wa miaka thelathini na kitu, amejifunga shuka mbili na koti la mvua la kijani juu yake. Jina lake Nashipai. Alikuwa ameteremka Karatu tangu Ijumaa kumuuguza dada yake, sasa anarudi kwao Irkeepusi, kijiji cha kabla ya Nainokanoka. Tulisalimiana kwa Kiswahili. Niseme ukweli kwa kuwa ni ninyi: bibi yangu alitutisha utotoni kwa kuwataja hawa watu, kwamba wanakuja kuchukua ng'ombe na watoto wabishi. Nina miaka hamsini na minne, nimewashonea nguo miaka yote, lakini sikuwahi kukaa nao bega kwa bega mahali ambako mimi ndiye mgeni.

Msituni

Baada ya lango barabara inapanda ndani ya msitu, nyekundu na yenye kona, na siku hiyo ilikuwa kama sabuni iliyolowa. Ukungu ulianza kona ya tatu. Sulle ana tabia ya kuongea na lori. "Taratibu, mama. Usiogope, mama," akawa anasema, na mara mbili nikaitikia nikidhani ananiambia mimi.

Kona ya sita tukasimama. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka ukakata njia, mizizi yake iko hewani na udongo bado unadondoka. Mbele yetu magari ya watalii yamepangana, na watu wenye misumeno ndio kwanza wanafika. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Nilishuka, nikatembea huku na huku, nikapanda, nikashuka. Kila dakika pale niliihesabu kama nimeitoa kwenye maisha ya mtu.

"Mama, rudi garini," mwongozaji mmoja wa watalii akaniita kwa sauti ya chini. "Rudi bila kukimbia."

Nikageuka. Kwenye ukungu, karibu nami kama kibaraza chetu kilivyo karibu na duka la dawa, alisimama nyati. Amelowa, pua inatoa moshi. Alinitazama kwa dharau kabisa. Nilirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga lori, na Nashipai akanivuta juu kwa mkono mmoja kama gunia. Ndivyo tulivyofahamiana.

Yule mwongozaji alituletea maboksi mawili ya chakula, wageni wake walikuwa hawayataki. Ndani kulikuwa na paja la kuku, yai, keki na ndizi. Mimi nilikuwa na njaa kumbe, nikala. Nashipai alitazama yai, akatazama kuku, akala ndizi, akafunga boksi. Nikadhani anaona haya mbele yangu. Nikamenya lile yai mwenyewe, nikamwekea mkononi kwa upendo kabisa, nikisema, "Kula mwanangu, safari ni ndefu."

Alilishika lile yai muda mrefu sana. Mwishoni akasema kwa adabu, "Yeyo, kwetu ndege hatuli. Lakini nikilitupa utahuzunika."

Yeyo ni mama kwa lugha yao. Sulle alicheka mpaka akapiga honi kwa bahati mbaya, watalii wakaruka. Nikalichukua yai nikalila. Nikamfungulia makande, akala vizuri. Ndipo nikamwambia ninakokwenda na kwa nini.

"Fundi wa josho?" akasema. "Mrefu, anapiga mluzi? Alipita kwetu akienda. Mzee wetu alimtuma mtoto ampelekee maziwa njiani."

Mzee wetu alikuwa baba mkwe wake. Mumewe yuko Dar es Salaam, analinda geti, na huyo mzee ndiye anakaa naye na watoto. "Tangu nimeolewa hajanigombeza hata mara moja," akasema. Hakujua habari za kwao tangu Ijumaa, simu zao nazo zilikuwa kimya, lakini alikuwa ametulia. Nikamwonea wivu utulivu wake.

Ukingoni

Mti ulipokatwa tulipanda hadi juu, mahali ambapo watalii husimama kupiga picha ya bonde la kreta. Hapakuwa na bonde. Palikuwa na weupe tu. Magari yote yakakata kushoto kwenda makao makuu, sisi peke yetu tukakata kulia, kufuata ukingo wa mashariki.

Huko barabara ni nyembamba, na upande mmoja hakuna kitu. Mara mbili tuliona mahali udongo umeporomoka, umebeba miti midogo imesimama wima kama inashuka kwa miguu. Sulle aliacha kuongea na lori. Hilo lilinitisha kuliko tope.

Kwenye mteremko mmoja magurudumu ya nyuma yakaamua kwenda mbele. Lori likageuka polepole, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani, likalala upande wake wa kulia kwenye ukuta wa mlima, si upande ule usio na kitu. Magunia yakaguna. Sulle alikaa ameshika usukani. "Hapa ndipo mwisho," akasema. "Mimi nakaa na mzigo. Kwenu ni mbali?"

"Saa moja kwa miguu," Nashipai akasema, akaanza kunitoa.

Tulitembea labda nusu ya hiyo saa, mimi na sufuria yangu mkononi. Halafu kukawa na giza la mchana, la rangi ya kijani. Sijawahi kuona mbingu ya rangi hiyo. Upepo ukakata ghafla, na Nashipai akasema neno kwa lugha yake, akanishika mkono tukakimbia. Radi ilipiga karibu mpaka meno yakauma. Jiwe la kwanza lilinipiga begani, nikageuka nione nani kanirushia.

Hapo ndipo kwenye sufuria ambapo Elizabeti hucheka. Nashipai aliinyang'anya, akamwaga makande yote chini, akanivika kichwani. Yeye akakunja koti lake mara nne akaliweka kichwani mwake, akanisukuma nichuchumae chini ya kichaka. Wenzangu, kelele ya mawe yale juu ya sufuria siwezi kuieleza. Mengine yalikuwa makubwa kama mayai ya kanga. Vidole nilivyoshikia vishikio vilipigwa mpaka kucha mbili zikawa nyeusi, mmeziona. Nilikuwa nalia na sijisikii. Nilikuwa nawaza jambo moja tu: Jumatatu Baba Neema alikuwa wapi, na kichwani alikuwa na nini.

Mvua ilipokatika, nchi ilikuwa nyeupe yote. Majani, njia, makande yangu, vyote vimefunikwa. Na baridi ikapanda kutoka chini kama umefungua friji kubwa. Nilikuwa na ndala za plastiki. Kila hatua nilizama na kuteleza, na baada ya muda miguu haikuwa yangu tena.

Tukafika kwenye korongo dogo. Ng'ambo tuliona moshi. Maji yalikuwa ya magotini, nikakunja gauni. Nashipai akanishika kanga kwa nyuma.

"Ngoja."

"Ni ya magotini tu! Moshi ule pale!"

"Yeyo, ngoja."

Nilimvuta, akanivuta. Nilimtukana kwa Kiiraqw, maneno ambayo mama yangu angenichapa. Hakuachia. Tulikuwa bado tunavutana tulipousikia mvumo, kama lori linashuka bila breki, na maji yakaja yamesimama, ya kahawia, yamebeba mawe meupe na matawi, na kondoo wawili waliokufa. Yalipita pale ambapo ningekuwa katikati. Nikakaa chini kwenye ule weupe. Nashipai naye akakaa. Tulisubiri mpaka yakapungua, tukavuka tumeshikana mikono.

Irkeepusi

Kwenye boma lao kulikuwa na nyama kila mahali. Vipande vya kondoo vimeanikwa juu ya paa, juu ya uzio, ndani juu ya moto. Nikasema moyoni, kuna msiba hapa, au kuna sherehe. Watoto wawili walimkimbilia Nashipai wakamng'ang'ania miguu, wa kike wa miaka kama tisa na mdogo wake. Mwanamke mmoja, mke wa shemeji yake, aliniingiza ndani, akanivua ndala, akaanza kunisugua miguu na mafuta ya kondoo. Ndani mlikuwa na giza na joto na ndama wawili. Nikapewa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi. Nilikunywa yote.

Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Nikamwuliza, "Fundi? Fundi wa josho, Nainokanoka?"

Uso wake ukachangamka kwa kuwa ameelewa. "Eeh, fundi! Fundi ameisha."

"Ameisha?"

"Ameisha, yeyo. Jumatatu ameisha."

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka manyoya ya ndama yakiwa shavuni mwangu, na mwanamke yule anapiga kelele, na Nashipai anaingia mbio. Wakasemezana haraka. Kisha Nashipai akanishika uso kwa mikono miwili.

"Kazi, yeyo! Kazi ndiyo imeisha! Amemaliza josho Jumatatu asubuhi, akawaaga watu akaondoka kwa miguu. Hajafa. Huyu anataka kusema amemaliza."

Nililia, nikacheka, yule mwanamke akalia kwa kuona nalia. Nadhani nilikuwa na furaha kwa muda wa kumeza mate mara tatu. Halafu nikahesabu. Jumatatu asubuhi alitoka Nainokanoka kwa miguu kuja huku. Jumatatu mchana yakaanguka yale mawe makubwa. Leo ni Alhamisi, na hapa hajafika.

Nikamtazama Nashipai nimwambie, nikaona uso wake umebadilika. Shemeji yake, Lemayan, alikuwa amesimama mlangoni anamweleza jambo. Mzee wao pia hayupo.

Siku ile ya Jumatatu watoto wa Nashipai walikuwa machungani na kondoo. Mawe yalipoanza, watoto walikimbilia boma la jirani, wakakaa salama. Babu yao hakujua. Alichukua fimbo yake akaenda kuwatafuta, watoto na kondoo, kwenye mvua ile ile. Watoto walirudi jioni. Kondoo nusu walirudi wenyewe, wengine ndio hao waliokuwa juu ya paa. Yeye hakurudi. Wanaume walikuwa wamemtafuta siku tatu upande wa msitu.

"Mimi nilikuwa Karatu," Nashipai akasema. "Ningekuwepo, kondoo ningechunga mimi."

Nilisogea, akakaa karibu nami, mtoto mmoja kwake na mmoja akanilalia mimi. Ndivyo tulivyokaa.

Kurudi kwa njia ile ile

Ijumaa asubuhi jua lilitoka kana kwamba hakuna lililotokea. Tuliondoka watatu, mimi, Nashipai na Lemayan. Lemayan alisema upande wa msitu wamemaliza, tujaribu njia ya chini, ambako kuna maboma matupu ya watu waliohamia Tanga. Mimi nilivaa raba za Lemayan, yeye akavaa viatu vya matairi.

Kwenye boma tupu la pili tulikuta begi la turubai limening'inizwa kwenye nguzo. Nililijua kabla sijalishika. Ndani kulikuwa na mwiko, kamba, pima maji, na shati lake la Jumapili bado limelowa. Chini, penye jivu la moto mdogo, Nashipai akaokota fimbo. Ilikuwa ya mzee.

Tulisimama tukitazamana, yeye na fimbo, mimi na begi. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na kitu kingine.

Chini ya hapo njia inaungana na barabara, na kuna mama mmoja huwapikia chai madereva kwenye kibanda. Lemayan akamwuliza, na huyo mama akajibu kwa Kiswahili kwa sababu yangu.

"Jumatatu jioni, nimeona. Ukungu ulikuwa mwingi. Nimeona kitu kimoja kinakuja, miguu miwili. Kimefika karibu, nikaona vichwa viwili. Mmoja amembeba mwenzake mgongoni, wamefunikwa na gunia la saruji. Likapita gari la chanjo ya mifugo, likawachukua. Njia ya Karatu ilikuwa imefungwa, gari likaenda Endulen, hospitali."

"Aliyebebwa ni nani?" mimi na Nashipai tuliuliza kwa pamoja.

"Sijui, mama zangu. Wote walikuwa na damu. Mmoja alikuwa na miguu inaning'inia hivi." Akaonyesha kwa mikono.

Tulipata gari saa tano, la watu wa ukarabati wa barabara, na bila maswali mengi wakatupakia nyuma. Tulirudi ukingo wote ule, tukampita Sulle ambaye alikuwa anavutwa na trekta na hakutuona, tukapita makao makuu, tukazunguka kwenda upande wa machweo. Ukungu ulikuwa umeondoka, na bonde la kreta lilikuwa chini yetu lote, la kijani, lina ziwa lake, wenzangu, zuri ajabu. Sikulitazama. Nilikuwa nafanya hesabu mbaya.

Mume wangu ana miaka hamsini na minane na anabeba mifuko ya saruji. Bila shaka yeye ndiye aliyebeba. Lakini Lemayan alisema mzee wao mwaka jana alimbeba ndama korongoni peke yake. Basi huenda ni yeye. Nikaanza kuomba. Nikamwomba Mungu, aliyetembea awe wangu. Nikaomba mara nyingi, macho yamefungwa, mpaka Nashipai akaegemea bega langu kwa sababu ya mashimo ya barabara, ndipo nikasikia ninachoomba. Nikiomba wangu awe wa kutembea, ninaomba wake awe wa kubebwa. Na fimbo ilikuwa magotini mwake.

Nilijaribu kuomba kwa ajili ya wote wawili. Mdomo ulisema, moyo haukufuata. Nikafungua macho nikamkuta ananitazama, na nikajua kwamba na yeye anaomba, na anaomba kama mimi. Hakuna aliyeona haya. Alinishika mkono, tukashikana hivyo mpaka tulipokata kona ya Endulen, na kila mmoja akiendelea na maombi yake.

Endulen

Kwenye veranda ya hospitali watu wengi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na sakafuni, wamejifunga mashuka mekundu. Niliwapita nikiangalia kushoto na kulia, natafuta mtu mrefu mwenye suruali ya kaki. Nilifika mwisho wa veranda. Nyuma yangu mtu akapiga mluzi.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la pili. Shuka nyekundu, kichwa kimefungwa bandeji mpaka kwenye nyusi, ndevu nyeupe za wiki mbili. Nilikuwa nimempita mume niliyeishi naye miaka thelathini kama simjui.

"Mama Neema," akasema, "mbona umevaa viatu vya mwanaume?"

Sitaandika nilivyofanya. Alinielezea haraka, kwa vipande. Simu ilikufa kwa maji. Namba yangu haijui kwa kichwa, kwenye simu niliandikwa Mama tu. Alimtuma dereva mmoja kibarazani kwetu, na dereva alifika Alhamisi saa sita mchana. Ninyi mlijua yuko hai wakati mimi nikiwa msituni na nyati, na mlinipigia, na yule mwanamke akawaambia mteja hapatikani.

Halafu nikakumbuka. Nikageuka. Nashipai alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu na fimbo, hajasogea. Lemayan nyuma yake. Baba Neema akaiona ile fimbo, akanyanyuka kwenye benchi kwa shida.

"Ninyi ndio wenyewe," akasema.

Nashipai akaishika fimbo kwa mikono miwili.

"Nimewangoja. Sikujua jina lake wala boma lake. Wauguzi walimwuliza kwa Kimasai, hakuweza kuwajibu. Amefariki Jumatano asubuhi. Nikasema siondoki, asije mtu akamkuta amelala peke yake kama hana watu."

Nashipai alikaa chini pale pale sakafuni. Lemayan akatoka nje, tukamwona kwa dirisha amesimama ameegemea ukuta kwa paji la uso. Mimi nilikuwa nimemshika mume wangu mkono wa joto, na sikujua mkono huo niuweke wapi. Hatimaye nikauachia, nikaenda kukaa sakafuni karibu na Nashipai.

Baada ya muda Nashipai aliomba aelezwe. Baba Neema akashuka naye akakaa sakafuni na kumweleza. Kwamba alikimbilia boma tupu, akamkuta mzee kwenye uzio, amelowa, hatetemeki tena. Kwamba aliwasha moto kwa mbao za mlango, akamvalisha nguo zake kavu, akajifunga shuka ya mzee, na kuni zilipoisha akambeba. Mawe yalikuwa yanarudi, ndiyo yaliyompasua mume wangu kichwa, nyuzi kumi na mbili.

"Aliongea?" Nashipai akauliza.

"Neno moja. Mgongoni mwangu, na kwenye gari. Inkera. Inkera. Nikadhani ni jina la mkewe. Hapa nimeuliza wanawake kama kuna anayeitwa hivyo, wakacheka tu wasinieleze. Kila aliyeingia nilimtazama nikasema labda huyu ndiye."

Nashipai aliinua uso. "Sema tena."

"Inkera."

"Hivyo, au inkerra? Sema kama yeye alivyosema."

Baba Neema akajaribu. Akasema nyepesi, akasema nzito, akatikisa kichwa chenye bandeji. "Sijui, mwanangu. Kwangu ni moja. Alikuwa anasema kwa baridi."

Nashipai akanigeukia mimi. "Kimoja ni watoto," akasema. "Kingine ni kondoo. Ni hapo kwenye ulimi tu. Na wote walikuwa nje."

Baba Neema akawa anatazama mikono yake.

"Na wewe ulimjibu nini?" Nashipai akamwuliza.

"Nilikuwa simwelewi. Nikamwambia, yupo, mzee, amefika, amefika salama. Nilisema njia nzima. Mwishoni akanyamaza, akaniwekea kichwa hapa." Akagusa bega.

Nashipai aliifuta ile fimbo kwa pindo la shuka yake, polepole, juu mpaka chini. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti.

"Kama ni watoto, hukumdanganya, baba," akasema. "Kama ni kondoo, umemdanganya nusu."

Kisha akasogea karibu naye zaidi, akainamisha sikio. "Sema tena," akamwambia. "Polepole." Na mume wangu, ambaye hata Kiswahili chake kina lafudhi ya Mbulu, akafumba macho akaanza upya.